Tanga la Mjomba Filemoni

Ukitaka kuwaudhi watu wa Mkunya, waulize tanga la jahazi lilikuwa linatafuta nini nyumbani kwao. Bahari iko mbali huko Mtwara, na juu huku Newala maji yenyewe ya kunywa ni ya kubembelezwa: mashine ya bomba ikiharibika, nayo huharibika bila haya, wanawake hushuka na ndoo mpaka bondeni, wakapanda nazo wakihema. Lakini tanga walikuwa nalo. Lilikaa ndani ya sanduku la mninga, chumbani kwa mzee Filemoni, na Gideoni mpwa wake alilijua kwa harufu kabla hajalijua kwa macho. Lilinuka chumvi, moshi na sifa, yale mafuta ya papa ambayo mabaharia hupaka vyombo vyao.

Lilifikaje? Babu mmoja wa ukoo alikuwa baharia Mikindani enzi za Mjerumani. Chombo chao kikapasuka mwambani, wenzake wakagombania nanga na kamba, yeye akajitwisha tanga akapanda nalo mpaka Mkunya, na watu wakamcheka wiki nzima. Kwanza walianikia makopa ya muhogo. Halafu ukaja mwaka wa njaa, akafa mtu na shuka la kumfunika njiani halikupatikana. Wakamfunika tanga. Kuanzia hapo kila mtu wa ukoo ule, awe Mkristo au Mwislamu, alikwenda kaburini chini ya tanga, na kabla hajashushwa watani walilivuta, wakalikung'uta, wakalikunja na kulirudisha sandukuni.

Gideoni alikuwa mchora mabango. Kazi ya brashi aliianzia Lulindi, misheni, alikopaka rangi upya mbao za kanisa akiwa kijana. Soko huria lilipoingia likamkuta tayari. Kila aliyekuwa na kibanda alitaka jina ukutani: duka la mitumba, saluni, mashine ya kusaga, ghala la mnunuzi binafsi wa korosho. Alichora herufi mchana kutwa, na jua likianza kupoa alichora ya kwake, juu ya gunia, juu ya maboksi, juu ya chochote. Hakuna kilichomridhisha. Gunia lilinyonya rangi, boksi lilijikunja. Siku moja huko Mtwara fundi wa mashua akampa kipande cha tanga kuukuu, akarudi nacho, akakichora, akakitundika kwenye hoteli moja ya Masasi kwa sababu mwenye hoteli alikuwa akimpa chai.

Hapo ndipo Emilia alipokiona.

Emilia alikuwa mwanamke wa Dar es Salaam aliyefuatana na kaka yake, mmoja wa wale wanunuzi wapya wa korosho. Kaka alipima korosho, dada alikuwa na ukumbi wake wa kuonyesha na kuuza picha. Alisimama mbele ya kile kipande mpaka chai yake ikapoa. Gideoni hakuwa amechora bahari hata tone. Kiraka cha zamani alikigeuza shamba, mstari wa uzi wa baharia ukawa njia ya kushukia bondeni, doa la kutu likawa jua la adhuhuri, na katikati watu wamebeba jahazi vichwani wanalipandisha mlima. Weusi wake ulitoka kwenye mafuta ya ganda la korosho, yanayobabua vidole. Wekundu wake ulikuwa udongo wa Mkunya.

"Bahari kila mtu anaichora, mpaka inachosha," Emilia alimwambia. "Wewe umeivua nguo yake ukaipandisha huku juu. Una nyingine?"

"Nguo ndiyo sina, dada. Picha ninazo kichwani."

Akamwambia atafute. Akileta picha tano kubwa, juu ya tanga la kweli lenye viraka na madoa yake, ana nafasi katika nyumba aliyowawekea wachoraji: kitanda, rangi, dirisha pana, mwaka mzima wa kuchora bila kuandika hata neno moja la "Karibu Wateja". Gideoni aliondoka pale miguu haigusi ardhi. Akarudi Mtwara kutafuta, mbio. Mafundi wakamwonyesha turubai za plastiki, za buluu, mpya kabisa. Nani siku hizi anahangaika na tanga la pamba, walimuuliza. Hata yaliyokuwepo yalishawashiwa moto jikoni.

Alikuwa bado anazunguka na hasira hiyo mjomba wake alipofariki.

Msiba ulikuwa mkubwa. Mzee Filemoni ndiye aliyekuwa mjomba wa ukoo, mwenye kuamua nani aoe wapi na mkorosho upi ni wa nani. Fakihi, mtani wao, Myao wa Masasi anayeuza mitumba, alikuja akilia kilio cha uongo tangu barabarani, akalala chali mbele ya jeneza. "Mmakonde huyu hapiti mpaka nipewe kuku! Alizoea kuondoka bila kuaga!" Waliokuwa wanalia wakacheka na kamasi zao. Kuku akaletwa, jogoo tena, na hakuna aliyenung'unika, maana anachofanya mtani msibani hakipingwi. Ukikipinga umeua utani, na ukoo usio na watani utazikwa na nani?

Baada ya maziko, tanga likiwa limesharudishwa sandukuni, Bibi Winfrida, mama mdogo wa marehemu na mkubwa wa wote waliobaki, alimpa Gideoni ufunguo wa sanduku.

"Kaa nalo mpaka arobaini," alisema.

Wote waliokuwa pale walielewa, Gideoni naye. Mtoto wa dada ndiye mrithi, na Anastasia, dada wa marehemu, alikuwa na mtoto wa kiume mmoja tu. Siku ya arobaini mtani angemvisha tanga mabegani, Bibi angempaka unga wa mtama kwenye paji la uso, na jina la Filemoni lingekuwa lake. Sio jina tu. Aliyekuwa akimwamkia Filemoni angemwamkia yeye. Mashauri yote yangekuja kwake. Na mwenye jina lile hahami. Kulala Masasi siku mbili tu alipaswa kuaga, sembuse Dar es Salaam.

Mambo hayakungoja hata arobaini. Asubuhi iliyofuata walikuja wawili wanaogombania mpaka wa mikorosho. Akaja baba mwenye binti aliyeposwa. Mjane wa mjomba akauliza salfa ya kupulizia mikorosho itapatikana wapi msimu ukifika. Gideoni alijibu sijui, sijui, sijui, nao waliitikia kwa heshima kana kwamba kusema sijui ni hekima mpya. Alitamani kupiga kelele.

Basi akafungua sanduku, akajiambia anataka kuligusa tanga tu. Akalitandaza tanga sakafuni, pamba nzito iliyofifia, viraka juu ya viraka, kamba imeshonewa pembeni kuzunguka lote. Hakuwahi kupata kitambaa kama kile na hatapata tena. Akakaa nalo muda mrefu, akijua kabisa anachotaka kufanya na akijifanya hajui. Mwishowe akachukua kisu cha kukatia ngozi.

Alikata katikati. Huo ulikuwa ujanja wake: kingo na kamba aliziacha nzima, kwa sababu tanga likishakunjwa kinachoonekana ni kingo tu. Katikati akaweka fulana kuukuu ili mkunjo usilegee. Atakayefungua siku ya arobaini atakuta tundu, na mimi, alijiambia, nitakuwa nimeshafika Dar.

Alichora zote tano akiwa amejifungia mlango. Kina mama wakipanda kutoka bondeni, ndoo zao zimegeuka mashua. Mazishi yenye mawimbi. Mkorosho wenye nanga kwenye mizizi. Ya mwisho alimchora mjomba wake mwenyewe, amesimama kwenye omo, mbele kabisa ya jahazi, katikati ya shamba la muhogo, anaangalia asikokwenda, na alipomaliza uso ule alilia, kwa sababu alimpenda yule mzee. Haikumzuia kuikunja pamoja na nyingine na kudandia lori la kwenda Masasi.

Emilia alizitandaza juu ya magunia ya korosho ghalani. Akaenda kumwita kaka yake, naye kaka mtu, asiyejua picha ila korosho, akavua kofia.

"Umemaliza kazi," Emilia alisema. "Hizi nazifunga leo hii. Sisi tunaondoka Jumapili asubuhi. Uwe hapa, kiti chako kipo."

Jumamosi ndiyo iliyokuwa arobaini.

"Kwa nini usibaki hapa hapa Masasi mpaka Jumapili?" aliuliza Emilia alipoona uso wake.

Ndivyo Gideoni alivyokusudia. Lakini sasa picha zimetoka mikononi, akapata nafasi ya kumfikiria mama yake. Mrithi akikimbia jina, anayebaki ndiye anayelipia. Mtoto wa jirani akiugua homa itasemwa ni jina linalozurura. Mkorosho ukinyauka, ni mwana wa Anastasia. Alishamwona mwanamke wa Makote aliyezeeka na maneno kama hayo, hata kisimani anapishwa njia. Mama yake hakustahili hayo.

Ndipo akapata wazo lililomfurahisha sana. Kukimbia hapana. Lakini kufukuzwa? Anayekataliwa na ukoo wake mwenyewe huenda zake, na mama yake huonewa huruma. Na nani angemvisha jina mtu aliyelikata tanga la wafu? Kile alichokuwa akikificha ndicho kitakachomtoa. Atasimama mbele yao aseme, wamtukane, wamteme, na Jumapili alfajiri yuko barabarani. Akarudi Mkunya akipiga mluzi, mtu mzima na akili zake.

Siku ya arobaini padri aliongoza ibada asubuhi, akala, akashukuru, akaondoka. Padri akishaondoka ndipo mambo ya nyumbani huanza. Watu walijaa uani, chini ya mikorosho, wanawake mikekani, wazee kwenye viti vya kuazima. Asubuhi ile Gideoni alikuwa amemwamkia mama yake kama kila siku. Mama alipoitikia alimshika shavu kidogo, jambo asilolizoea.

"Una neno," alisema.

"Sina, mama."

"Haya."

Sanduku likaletwa. Fakihi akasogea kulifungua, akijinyoosha vidole kwa mbwembwe. Gideoni akasimama.

"Bibi, shikamoo. Kabla hajafungua, nina la kusema."

"Marahaba. Sema."

"Tanga nimelikata." Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyopanga. "Nimelichora picha, nimempa mtu, ameshazifunga za safari. Humo ndani zimebaki kingo. Hakuna aliyenituma. Kwa hiyo mimi sifai, tafuteni mwingine."

Kuku waliokuwa wakiparua jikoni walisikika mpaka uani.

"Fungua," Bibi Winfrida alimwambia Fakihi.

Likafunguliwa. Fulana ikaanguka chini, na watu wanne walioshika pembe wakasimama wameshika ukingo wa kitambaa na kamba, na katikati yao unaona ardhi. Mwanamke mmoja akapiga ukunga. Mzee Nikolao, binamu wa marehemu, akasimama.

"Afukuzwe! Leo hii! Mwizi wa maiti!"

Ndiyo, alisema Gideoni moyoni. Ndiyo, mzee, endelea hapo hapo. Sauti nyingine zikaitikia. Aliinamisha kichwa ili wasione uso wake, kwa maana ulikuwa unataka kutabasamu.

Fakihi akaanza kucheka. Mwanzoni puani, halafu tumbo zima, mpaka akajishika magoti.

"Wamakonde jamani! Wamepewa tanga la jahazi, wamelitoboa! Wangepewa jahazi lenyewe si wangelichimba kisima!"

Mtu akacheka, akajizuia. Mwingine hakujizuia. Fakihi akawanyang'anya wale wanne kitambaa, akachungulia kwenye tundu, akawatolea ulimi watoto, akacheza nacho kuzunguka uwanja, na alipofika nyuma ya Gideoni akakirusha juu. Tundu likampita Gideoni kichwani, kingo zikaanguka miguuni pake pande zote. Kabla hajanyanyua mguu kutoka, mtani alishainama, akaziokota kingo, akamkusanyia mabegani, akaifunga kamba kifuani kwa fundo la nguvu.

"Huyo! Kama hamumtaki nimpeleke Masasi nikamuuze na mitumba!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, hata waliotaka kumfukuza. Gideoni aliipapasa ile kamba.

"Bibi, mimi nimekiri! Nimesema sifai!"

"Tumekusikia," alisema Bibi Winfrida. Hakuwa anacheka. "Mtani ameshavisha."

"Bibi," mzee Nikolao akaanza.

"Nikolao, mtani ameshavisha. Unataka tuseme hakuvisha? Basi siku yako atakuzika nani?" Mzee Nikolao akakaa. Bibi akamgeukia Gideoni, akazitazama kingo zile polepole, kitambaa ambacho yeye mwenyewe alitegemea kufunikwa. "Umetuacha uchi, mjukuu wangu. Sasa unataka tukupe ruhusa uende?"

Unga ukaletwa. Kidole chake kilikuwa kikavu na kigumu kwenye paji la uso wa Gideoni. Akalitaja jina mara moja tu, Filemoni, na wanawake wakapiga vigelegele mikekani. Kazi nzima ilichukua muda mfupi kuliko kuchinja kuku. Wakamkalisha kwenye kiti cha mjomba, na watu wakaanza kujipanga kumwamkia.

Wa kwanza alikuwa mama yake, kama ilivyopasa, maana ndiye aliyekuwa mdogo wa marehemu. Anastasia alikuja na kanga yake ya msiba, akapiga magoti mbele ya kiti. Gideoni aliona mvi zake kwa juu. Hakuwahi kuziona kutoka upande ule.

"Shikamoo, kaka."

"Mama, inuka. Tafadhali."

"Umeamkiwa," alisema Bibi Winfrida.

Watu walisubiri. Mama hakuinua kichwa.

"Marahaba."

Ilikuwa imetoka. Alidhani mama angeondoka sasa, ampishe anayefuata. Hakuondoka. Alikaa vizuri juu ya visigino vyake, akapandisha sauti ili uwanja wote usikie.

"Kaka, nina shida, naileta kwako. Mwanangu Gideoni ameitwa Dar es Salaam kwenda kuchora. Gari linaondoka Masasi kesho asubuhi. Nilijua tangu siku nyingi, anaongea usingizini. Mimi mama yake sina kinyongo. Lakini mtoto ni wa mjomba. Nakuuliza mbele ya watu hawa: aende, asiende?"

Gideoni alimtazama, naye sasa alikuwa amenyanyua macho. Aliuelewa moyo wake wote pale. Hakuna hata mmoja uani pale ambaye angethubutu kumpinga mjomba juu ya mpwa wake, hata mzee Nikolao, hata Bibi. Mama yake alikuwa amemfungulia mlango mbele ya ukoo mzima, kwa magoti yake. Neno moja tu lilihitajika, nalo lilikuwa tayari mdomoni.

Akainua uso ili aliseme vizuri, wasije wakasema hawakusikia. Akamwona mjane wa mjomba, aliyekuwa amekipangusa kiti kile tangu asubuhi, bado ameshika kitambaa. Akawaona wale wawili wa mpaka wa mikorosho, kila mmoja kwenye mkeka wake. Akamwona yule binti aliyeposwa, nani amuulize kama anataka? Bibi Winfrida alikuwa akiangalia kingo za tanga mabegani pake, akizipima kwa macho, mtu anayejua urefu wake mwenyewe. Wote walimtazama mjomba. Hakuna aliyekuwa akimtazama Gideoni. Hata yeye, akijitafuta, hakumwona vizuri: kijana fulani mchora mabango, mwenye haraka, aliyeharibu mali ya watu na sasa anataka kuondoka.

"Asubiri," alisema.

Alisikia alichokisema. Akangoja mtu ampinge, akangoja kwa hofu, halafu kwa matumaini, na hakuna aliyempinga.

"Asubiri mpaka lini, kaka?" aliuliza mama yake taratibu.

"Asubiri kwanza. Tutaangalia."

Anastasia akajifuta uso kwa pindo la kanga, akaweka kiganja chini, akajiinua.

"Haya, kaka," alisema. "Nitamwambia. Atalia, lakini nitamwambia."